Mteja mmoja, barua pepe nne: mbili zimefika, mbili zimerudi

SWALI

Ndugu Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wabanguaji korosho hapa Chikongola, Mtwara. Tuna domeini yetu inayoishia na .co.tz, na barua pepe zetu ziko Google Workspace, tunalipia kila mwezi: info@, mauzo@ na uhasibu@. Mwishoni mwa mwezi uliopita fundi alihamisha tovuti kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine yenye bei nafuu. Barua pepe hatukuzigusa kabisa.

Siku mbili za kwanza mambo yalikuwa sawa. Siku ya tatu ikawa kimya. Fundi akasema kuna rekodi ya MX, ile inayoelekeza barua ziende seva gani, ilisahaulika, akaiongeza. Sasa hali ni hii. Mteja wetu wa Dar alituma kwa mauzo@ mara nne ndani ya siku moja: mbili zimefika, mbili zimemrudia zikiwa na maneno "550 No Such User Here". Kwa info@ hakuna aliyerudishiwa, lakini wapo wanaoapa kuwa wametuma na sisi hatuoni kitu. Fomu ya tovuti haileti ujumbe hata mmoja. Wakala wetu wa forodha pale bandarini, ambaye tovuti yake iko kwenye kampuni hiyohiyo mpya, barua zake hazijafika hata moja. Na zetu tunazotuma zinaangukia spamu. Proforma moja kwa mteja mwenye Gmail imerudi na namba 550-5.7.26.

Wenzangu wengine wanasema ni intaneti ya huku kwetu na kukatika kwa umeme. Msimu umeshaanza, wanunuzi wanaulizia korosho za daraja la W320, na hatuwezi kuendesha biashara hivi. Fundi amenitumia rekodi zilizopo sasa, nakuwekea hapa. Naomba msaada.

mfano.co.tz   MX   0   mfano.co.tz
mfano.co.tz   MX   0   smtp.google.com
mfano.co.tz   TXT   "v=spf1 +a +mx +ip4:203.0.113.25 ~all"
mfano.co.tz   TXT   "v=spf1 include:_spf.google.com ~all"

Katibu, Mtwara

(Jina la domeini na anwani ya seva tumezibadilisha ili kuficha za kikundi. Mengine yako kama yalivyokuja.)

JIBU

Ndugu Katibu,

Umefanya jambo kubwa kuambatisha rekodi na kunukuu maneno ya barua zilizorudi. Kwa hayo mawili, kila tatizo ulilolitaja lina sababu inayoonekana.

Kwanza waondolee lawama intaneti na umeme. Sanduku lenu la barua haliko Chikongola, liko kwenye mitambo ya Google. Umeme ukikatika Mtwara nzima usiku kucha, barua zinaendelea kupokelewa huko na mtazikuta asubuhi. Hata seva inayopokea ikizimika, inayotuma haiitupi barua. Huiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena, kwa kawaida siku 4 hadi 5, ndipo imrudishie mwenyewe. Mtandao mbovu huchelewesha. Namba inayoanza na 4, kama 451, maana yake ni "njoo baadaye"; inayoanza na 5 maana yake ni "nimekataa, usirudi". Barua za mteja wako zilirudi na 550, kwa hiyo zilifika kwenye seva iliyo hai na seva hiyo ikazikataa. Cha kujua ni seva ya nani.

Si ya Google. Google ikikosa jina la mpokeaji hujibu kwa 550-5.1.1 na maelezo marefu kwamba akaunti hiyo haipo. "No Such User Here" ni jibu linalozoeleka la seva za tovuti zinazotumia cPanel, paneli ya kuendeshea tovuti. Hiyo ni seva ya kampuni yenu mpya, na imesema kweli: mauzo@ haipo kwake, iko Google.

Barua zilifikaje huko wakati hamkuzigusa? Fundi alipohamisha tovuti alibadilisha seva za majina kwa msajili wa domeini. Hapo ndipo penye kosa ambalo watu wengi hulifanya bila kujua. Seva za majina hazishiki anwani ya tovuti peke yake, zinashika daftari zima la domeini: tovuti iko wapi, barua zipelekwe wapi, nani ana ruhusa ya kutuma kwa jina lenu. Kubadilisha seva za majina ni kumpa mtu mwingine kazi ya kutunza daftari, naye anaanza na daftari lake jipya. Hapokei kurasa za yule wa zamani. cPanel inapofungua domeini mpya hujaza yenyewe kurasa za kawaida, na ukurasa wa barua huandikwa kwamba barua za mfano.co.tz ziletwe kwenye mfano.co.tz yenyewe, yaani kwenye seva ya tovuti. Hiyo ndiyo rekodi yenu ya kwanza ya MX, yenye namba 0.

Zile siku mbili za amani zilikuwa za kumbukumbu tu. Seva zinazouliza majina hutunza jibu kwa muda uliowekwa kwenye rekodi, unaoitwa TTL, nao huhesabiwa kwa sekunde: 14400 ni saa 4, 86400 ni siku nzima. Wenye jibu la zamani waliendelea kupeleka barua Google hadi muda wake ukaisha.

Sasa hiyo nusu kwa nusu. Namba kwenye MX ni kipaumbele: iliyo ndogo hujaribiwa kwanza. Zikilingana, seva inayotuma inatakiwa kuchagua moja bila mpangilio ili kugawa mzigo. Fundi aliongeza ya Google kwa namba 0 na kuiacha ile nyingine nayo ikiwa 0. Kila barua ya mteja wa Dar ikawa inapigiwa kura. Iliyoangukia Google ilifika, iliyoangukia seva ya tovuti ilirudi. Kwa info@ ni kura ileile, ila huko hairudi mtu. Bila shaka fundi alifungua sanduku la info@ kwenye seva mpya kwa ajili ya fomu, kwa hiyo seva inapokea barua vizuri kabisa na kuziweka kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Barua hizo hazijapotea. Zipo, na kuna njia ya kuzitoa.

Hakikisha daftari ni lipi

Kabla ya kurekebisha chochote, jua daftari linalosomwa sasa ni lipi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt uandike:

nslookup -type=ns mfano.co.tz

Majina yatakayokuja ndiyo seva za majina zinazotumika. Kama ni za kampuni mpya, marekebisho yote yafanyike kwenye paneli ya kampuni mpya. Akaunti ya kampuni ya zamani huenda bado iko wazi, na rekodi zenu za zamani zikaonekana humo zikiwa nzuri na kamili. Mtu anaweza kuzihariri siku nzima bila kitu kubadilika, kwa sababu hakuna anayesoma daftari lile. Usilifunge lakini. Mle ndani kuna nakala ya rekodi zenu sahihi za siku za nyuma, na tutaihitaji. Mwambie fundi azipige picha zote leo, kabla akaunti haijafutwa.

Kama una simu tu, tafuta Google Admin Toolbox, uingie sehemu ya Dig. Unaandika domeini, unachagua NS (seva za majina), MX au TXT (rekodi za maandishi), majibu yanakuja bila kusakinisha chochote.

MX

Ndani ya cPanel fungua Zone Editor. Futa kabisa ile MX inayoelekea mfano.co.tz. Nasisitiza kufuta. Wapo watakaokwambia muiongezee namba iwe 10 au 20 "ibaki kama akiba". Akiba hiyo ni mtego. Siku Google ikikosa kujibu kwa muda, seva ya mtumaji itakimbilia ya pili, na barua itarudishwa au kumezwa kama sasa, safari hii ikiwa moja kati ya mia, na hakuna atakayegundua sababu. MX ya akiba ina faida pale tu seva hiyo inapojua kupokea na kuzipeleka barua kwa ile kuu. Seva ya tovuti yenu haijui.

Ibaki moja: smtp.google.com, kipaumbele 1. Wateja wa zamani wa Google wana rekodi tano zinazoanza na ASPMX.L.GOOGLE.COM, nazo bado zinafanya kazi, kwa hiyo mkizikuta kwenye daftari la zamani msishtuke. Chagueni mtindo mmoja.

Ukishahifadhi, soma upya jina lililoandikwa. Baadhi ya paneli huongeza jina la domeini mwishoni zisipoona nukta, na rekodi inageuka smtp.google.com.mfano.co.tz, mahali ambapo hapapo. Dawa ni kuweka nukta baada ya .com. Pia MX hupewa jina, haipewi namba za IP.

Fomu na wakala wa bandarini

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama, maana MX inakuwa imeshanyooka na bado barua hazifiki.

Seva ya barua inapotaka kupeleka ujumbe huanza kwa kujiuliza kama domeini hiyo ni ya kwake. Ikiwa kwenye orodha ya domeini zake za ndani, haiulizi DNS, yaani lile daftari, kabisa, inaweka barua kwenye sanduku lake na kazi imeisha. Fomu ya tovuti yenu inatumwa na seva hiyohiyo. Wakala wenu wa forodha naye, kwa maelezo yako, yuko kwenye seva hiyo au jirani yake. Kwao MX ya Google ni kama haipo. Ndiyo maana hawapati hata ile nusu anayoipata mteja wa Dar.

Ndani ya cPanel, kwenye kundi la barua pepe, kuna sehemu iitwayo Email Routing. Chagua domeini, kisha chagua Remote Mail Exchanger na uhifadhi. Kuna chaguo la Automatically Detect Configuration. Siliamini kwa hali yenu, kwa sababu seva ikikuta MX yenye namba ndogo kuliko zote inaelekea kwake hujihesabia kuwa barua ni zake. Chagueni Remote wazi, yasiwepo makisio. Wakala akituma jaribio dakika tano baadaye na halijafika, basi barua zake hupitia seva nyingine ya kampuni ileile yenye orodha yake. Hapo fundi awaandikie kampuni swali moja: "Je, kuna seva yenu yoyote inayoihesabu domeini yetu kuwa ya ndani?"

Kubadilisha Remote hakufuti sanduku la info@ lililoko kwenye seva. Kulifuta sanduku ndiko kunakofuta barua. Kwa hiyo msilifute mpaka mtakapomaliza kuhamisha. Ingieni kwenye mfano.co.tz:2096, jina ni info@mfano.co.tz, nenosiri analo fundi au aliweke upya ndani ya cPanel. Zikiwa chache, zisomeni na kuzijibu kutoka kwenye akaunti ya Google. Zikiwa nyingi, wekeni programu ya Thunderbird kwenye kompyuta, mfungue humo akaunti zote mbili za info@, ya seva mpya na ya Google, kwa njia ya IMAP (inayosoma barua zikiwa kwenye seva), mlango (port) 993, kisha mziburute kutoka sanduku moja kwenda jingine. Tarehe na majina ya watumaji vinabaki kama vilivyo. Angalieni pia sanduku kuu la akaunti ya cPanel, lile lenye jina la kuingilia. Kama Default Address imewekwa ipokee kila kitu, huko nako kutakuwa na barua.

Mnazotuma nyinyi

Kutuma ni suala tofauti kabisa na kupokea, na MX haihusiki nalo. Anayepokea barua yenu anauliza mambo mawili: seva iliyoileta ina ruhusa ya kutumia jina la mfano.co.tz, yaani SPF? Na je, barua ina saini halali ya mfano.co.tz, yaani DKIM? Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na angalau moja kati ya hizo. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail hutakiwa kuwa na zote mbili pamoja na DMARC, yaani agizo la nini kifanyike kwa barua zilizoshindwa. Nyinyi hamfiki huko, lakini lile sharti la kwanza ni la kila mtu, na 550-5.7.26 ni namba ya kushindwa kulitimiza.

SPF yenu imeharibika kwa njia isiyoonekana kwa macho. Rekodi zote mbili, ukizisoma moja moja, zimeandikwa sawasawa. Kosa ni kwamba ziko mbili. Kanuni ya SPF inaruhusu rekodi moja tu inayoanza na v=spf1 kwa kila domeini. Zikiwa mbili, mpokeaji hachagui iliyo nzuri wala haziunganishi, anatoa hukumu ya kosa la kudumu na SPF inahesabika imeshindwa. Fundi aliongeza ya Google juu ya ile ya cPanel akidhani anasaidia, na kumbe ameziua zote.

Futeni zote mbili, muandike hii:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Utaona nimeondoa anwani ya seva ya tovuti. Ni kwa makusudi. Seva ya kampuni ya kuhifadhi tovuti hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na ukiandika ip4 yake kwenye SPF umewapa ruhusa majirani wote walio juu ya anwani hiyo. Kwa kikundi kinachotuma proforma zenye namba ya akaunti ya benki, hilo silipendi. Fomu ya tovuti ipitishwe Google: kwenye WordPress kuna viongezo kama WP Mail SMTP, seva ni smtp.gmail.com, mlango 587 wa TLS. Akaunti itakayotumika iwashiwe uthibitishaji wa hatua mbili, kisha itengenezewe nenosiri la programu, lenye herufi 16. Nenosiri la kawaida halitakubaliwa. Kampuni nyingine hufunga milango hiyo kwa wateja wao. Ikigoma kuunganika, waulizeni kabla ya kuanza kubadilisha mipangilio ovyo. Wakikataa kufungua, basi hapo ndipo mwandike v=spf1 ip4:203.0.113.25 include:_spf.google.com ~all, mkijua mmeruhusu nini.

Na jambo ambalo karibu kila fomu hulikosea: sehemu ya mtumaji isijazwe anwani ya mteja aliyeandika kwenye tovuti. Iandikwe anwani yenu, info@mfano.co.tz, na ya mteja iwekwe kwenye Reply-To, sehemu ya anwani ya kujibiwa. Yahoo tangu Aprili 2014 wametangaza kwamba barua yoyote yenye jina lao ambayo haikuthibitishwa ikataliwe. Mteja mwenye anwani ya Yahoo akijaza fomu yenu na seva ikajifanya ni yeye, ujumbe utakataliwa, nanyi mtadhani hakuna anayeuliza korosho.

Kuhusu DKIM, tazama orodha uliyonitumia: haipo kabisa. Ilibaki kwenye daftari la zamani. Google inaendelea kutia saini, anayepokea anatafuta ufunguo wa kuhakiki saini hiyo, hauoni, anaihesabu batili. Fundi afungue daftari la zamani na kunakili rekodi ya TXT yenye jina google._domainkey. Kama daftari limeshafutwa, msimamizi wa Workspace aingie Admin, Apps, Google Workspace, Gmail, kisha Authenticate email. Ufunguo uko hapo. Wa biti 2048 ni bora. Jina lake andikeni google._domainkey tu kama paneli inajiongezea domeini yenyewe, la sivyo mtapata domeini mara mbili kama kwenye MX.

Ufunguo huo ni mrefu kupita herufi 255, na kipande kimoja cha maandishi ndani ya TXT hakizidi 255. cPanel za sasa huukata zenyewe. Paneli ikikataa, ukateni vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, kwenye rekodi hiyohiyo moja. Nafasi tupu au mstari mpya ulioingia katikati ya ufunguo wakati wa kunakili kutoka WhatsApp unatosha kuuharibu, kwa hiyo tumeni kama faili la maandishi. Mkimaliza bonyezeni Start authentication. Ikisema rekodi haijaonekana, msifute na kuandika upya. Seva za majina hukumbuka pia jibu la "haipo" kwa muda wake, na kila ukiuliza kabla ya muda kuisha unapata jibu lilelile. Subirini saa chache. Google wenyewe wanasema inaweza kuchukua hadi saa 48.

DMARC ije mwisho, SPF na DKIM zikishasimama. Jina ni _dmarc, thamani ni v=DMARC1; p=none; rua=mailto:uhasibu@mfano.co.tz. Kwa p=none hakuna barua itakayozuiwa; mnaanza tu kuletewa ripoti, faili zilizobanwa za XML, zinazoonyesha anwani za IP zilizotuma kwa jina lenu. Zisomeni wiki mbili au tatu. Msipoona chanzo chenu halali kilichoshindwa, pandisheni iwe p=quarantine, yaani zinazoshindwa ziende spamu. Kuanza moja kwa moja na p=reject, yaani zikataliwe kabisa, wakati fomu bado haijanyooka ni kujifungia nje ya nyumba yenu.

Kujipima

Kwa MX, ulizeni seva mbili tofauti:

nslookup -type=mx mfano.co.tz 8.8.8.8
nslookup -type=mx mfano.co.tz 1.1.1.1

Zote mbili zitoe smtp.google.com peke yake. Moja ikileta mbili na nyingine moja, ni kumbukumbu ambayo haijaisha muda. Kwa TTL ya 14400 ngojeni saa 4, bila kugusa kitu. Kuhariri rekodi kila baada ya nusu saa ndiko kunakofanya mtu asijue tena amerekebisha nini.

Kwa kutuma, andikeni kutoka mauzo@ kwenda Gmail ya mtu binafsi, nje ya kikundi. Afungue kwa kompyuta, abonyeze nukta tatu pembeni ya ujumbe na kuchagua Show original. Juu kabisa ataona SPF, DKIM na DMARC, kila moja ikiwa na PASS au FAIL. Zikiwa PASS zote, spamu itapungua, lakini haitakwisha siku hiyohiyo: barua zilizokuwa zikishindwa kwa wiki kadhaa zimeshalitia doa jina lenu. Waombeni wateja wakubwa wawili watatu watoe barua zenu kwenye spamu na kuzijibu, inasaidia sana.

Fundi akija kuwahamisha tena, ashushe TTL hadi 300 siku moja kabla, anakili daftari zima kwenye seva mpya, na abadilishe seva za majina mwishoni kabisa. Kama kinachohama ni tovuti tu, hata seva za majina hana haja ya kuzigusa, abadilishe rekodi ya A, yaani ya anwani ya tovuti, na ile ya www, basi.

Zimebaki zile zilizorudi na 550. Hizo hazimo kwenye sanduku lolote na hazitajileta zenyewe hata mkisharekebisha kila kitu. Ila seva mpya imeandika nani aligonga mlango. Ndani ya cPanel fungueni Track Delivery, mtafute mauzo@ na uhasibu@. Itaonyesha anwani ya kila mtumaji aliyekataliwa, na saa. Fanyeni hivyo leo, kabla hata ya MX, maana kumbukumbu hizo hufutika zenyewe baada ya muda. Nakilini majina kwenye karatasi na muwapigie simu mmoja mmoja, mkianza na walioulizia W320.